Kamba gani wa kumweka kwenye tangi la maji ya chumvi? (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: KABLA HUJAENDA DUKANI



Tangu niweke picha ya tangi letu la matumbawe, swali moja limenifuata kuliko hata maswali ya chanjo: "Nesi, mwanangu anataka kamba kama yule mwekundu mwenye mstari mweupe. Nimnunulie yupi?" Nikiwajibu mmoja mmoja nitamaliza bando, kwa hiyo nimeamua kuandika kwa mfululizo. Chukua chai, tuanze.

Kwanza tuelewane. Siongelei kamba wa kupika, wala uduvi wa kukaanga na nyanya. Naongelea kamba wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaoishi kwenye miamba ya matumbawe, ambao watu huwafuga ndani kwenye tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na samaki wachache.

Kwa nini nesi anaingia kwenye habari za kamba? Kwa sababu kazini nimezoea wagonjwa wasiosema. Mtoto wa siku 3 hawezi kukwambia kinachomuuma. Unamsoma: anapumuaje, ana rangi gani, ananyonya au hanyonyi. Kamba naye ni hivyo hivyo, tena yeye hata kulia hawezi. Ukimpeleka kwenye nyumba isiyomfaa atajificha nyuma ya jiwe, na siku ya tatu humuoni tena. Watoto wanauliza, mama unabaki kutafuta jibu.

Na nikwambie ukweli: kamba wengi hufa kwa uamuzi uliofanyika dukani, kabla hata hawajafika sebuleni kwako. Kwa hiyo kuchagua ndiyo matunzo ya kwanza. Ukichagua vizuri, kazi inayobaki ni ndogo. Ukichagua kwa rangi tu, hakuna chakula wala dawa itakayokuokoa.

Kabla ya rangi, jiulize maswali matatu:

1. Anakula nini, na mimi ninacho?
2. Ataishi na nani humo ndani? Tangi halina pa kukimbilia.
3. Mtoto akishachoka, maana watoto huchoka, nani atamtunza? Kama jibu ni "mimi mama yao", basi uamuzi ni wako, siyo wa mtoto.

Halafu kuna suala la tangi lenyewe. Tangi jipya halifai kwa kamba. Maji yanahitaji wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6 au zaidi, ili bakteria wazuri waote kwenye mawe na kugeuza amonia ya uchafu iwe kitu kisicho na sumu kali. Kamba huhisi mabadiliko ya maji haraka kuliko samaki wengi. Mimi nashauri samaki wagumu waanze, maji yatulie miezi 2 au 3, ndipo kamba aingie. Muuzaji akikwambia "chukua vyote leo leo", mshukuru, kisha ondoka.

Maji yenyewe: chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto kati ya nyuzi 24 na 27. Ili ulinganishe, dripu ya chumvi tunayowatundikia wagonjwa ina gramu 9 tu kwa lita. Na kwa joto letu la pwani maji hupungua kila siku, lakini chumvi haipungui. Ni kama mchuzi uliosahaulika jikoni: ukikauka, chumvi inazidi. Kwa hiyo maji yaliyopungua unajazia maji baridi yaliyochujwa, siyo maji ya chumvi. Kila siku kidogo kidogo, siyo Jumamosi kwa mkupuo.

Kama hapo umeshachoka, hongera. Umegundua kabla ya kutumia hela. Kama bado upo, twende sehemu ya pili.

SEHEMU YA 2: WANAOFAA NYUMBA YENYE WATOTO

Nitawapa na majina ya kisayansi. Siyo kujionyesha. Majina ya mtaani huchanganya na kila duka lina yake. Andika jina hilo kwenye karatasi, mwonyeshe muuzaji. Ni kama dawa tu, huendi duka la dawa ukaomba "kile kidonge cheupe".

KAMBA MSAFISHAJI (Lysmata amboinensis). Huyu ndiye wa kwenye picha yangu. Ana mstari mweupe mgongoni katikati ya mistari miwili myekundu, ubavuni rangi ya manjano, sharubu nyeupe ndefu. Anafika sentimita 5 au 6. Kazi yake mwambani ni kuwasafisha samaki. Anasimama mahali pake, anapunga sharubu, samaki wanakuja wenyewe, anawatoa vimelea na ngozi iliyokufa. Hata mkunga (yule wa baharini, siyo sisi wa leba) humfungulia kinywa akaingia kusafisha meno akatoka salama.

Ni mpole, haogopi watu, hali matumbawe. Ukiweka mkono atakuja kuuchokonoa. Tabia yake mbaya ni moja, udokozi: ukilisha matumbawe, anaenda kuyapokonya chakula mdomoni. Kwa familia inayoanza, huyu ndiye chaguo langu la kwanza. Mmoja anatosha, wawili ni raha zaidi kwenye tangi la lita 100 na kuendelea.

Halafu mama zangu sikieni hili. Kamba huyu huanza maisha kama dume, akikua anakuwa dume na jike kwa pamoja. Ukiwa na wawili, wote wanaweza kubeba mimba kwa kupokezana. Utaona mayai ya kijani chini ya tumbo. Niliposimulia hili kazini, wenzangu walicheka, mmoja akasema hao ndio wanaojua haki. Ila msitegemee wajukuu: vitoto vyake vinaelea majini kwa muda mrefu vikibadilika maumbo, na tangini huliwa au kuvutwa na pampu.

KAMBA MKATA VIUNO (Thor amboinensis). Jina hilo nimempa mimi, watoto wamelipitisha. Ni kadogo, sentimita 1 na nusu hivi, kahawia chenye madoa meupe, kila wakati kameinua mkia kanautikisa. Utadhani kuna ngoma kanaisikia kenyewe. Hukaa juu ya anemoni na matumbawe, na hupenda kuwa na wenzake, kwa hiyo nunua watatu au zaidi. Anafaa tangi dogo lisilo na samaki wakubwa. Kwenye tangi kubwa utamlipia kisha hutamuona tena, ama amepotea mawe, ama ameliwa.

KAMBA PEREMENDE (Lysmata wurdemanni na ndugu zake). Anatoka upande wa pili wa dunia, Atlantiki ya magharibi, Florida na Karibi. Mwili unaangaza, una mistari myembamba myekundu. Watu humnunua kwa kazi moja: hula Aiptasia, vile vianemoni vya kahawia vinavyoota kwenye mawe kama magugu shambani. Ni wa usiku, mchana anajificha. Mtoto anayetaka kuona kitu kila akipita atakatishwa tamaa, lakini mwenye magugu tangini atamshukuru. Akiwa na njaa naye anaweza kudonoa matumbawe, kwa hiyo magugu yakiisha, mlishe.

KAMBA BASTOLA (jamii ya Alpheus) na rafiki yake gobi. Huyu namweka kwa sababu ya somo lake. Macho yake hayaoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari. Samaki mdogo anayeitwa gobi ana macho makali, lakini hachimbi. Wanaishi shimo moja. Kamba anachimba, gobi analinda mlangoni, na kamba akitoka nje anaweka sharubu moja juu ya mwili wa gobi. Gobi akishtuka, wote ndani. Watoto wangu wakigombana nawaambia nendeni mkamwangalie yule kipofu na mlinzi wake.

Gando lake moja ni kubwa, hulifunga kwa kasi mpaka inapasuka pofu ya hewa na kutoa mlio "tak!" unaousikia hadi kwenye kochi. Mlio tu, usiogope. Tahadhari ya kweli ni hii: anachimba chini ya mawe. Mawe yako lazima yakalie kioo cha chini kabisa, mchanga uje baadaye. Ukiweka mawe juu ya mchanga, atayachimba yamwangukie.

SEHEMU YA 3: WAZURI WA KUTAZAMA, WAGUMU WA KUISHI NAO

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike mfululizo mzima. Hawa wote wapo madukani, na wote wanavutia.

KAMBA DAMU (Lysmata debelius). Mwekundu wa kukolea, madoa meupe, miguu meupe kama kavaa soksi. Hana ubaya wowote. Ni mpole, tena msafishaji pia. Tatizo ni kwamba hapendi mwanga mkali, na kwa kawaida bei yake ni ya juu kuliko msafishaji wa kawaida. Unalipa hela nyingi umpate kiumbe anayeishi chini ya jiwe. Kama tangi lako lina mapango na mwanga wa wastani, sawa. Kama la watoto, anza na yule wa kwanza.

KAMBA BONDIA (Stenopus hispidus). Mwili mweupe wenye pingili nyekundu, magando marefu ameyainua kama yuko ulingoni. Baharini utamkuta karibu kila bahari ya joto. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, na wanajuana. Ukinunua wawili usiowajua ukawaweka pamoja, kama ni wa jinsia moja watapigana mpaka mmoja afe. Huweza pia kuwashambulia kamba wadogo na samaki wadogo. Ukimtaka, awe peke yake bila kamba wengine, au ununue jozi uliyoiona imekaa pamoja dukani kwa amani.

KAMBA NGAMIA (Rhynchocinetes durbanensis). Jina lake limetokana na Durban, ya Afrika Kusini. Huyu ndiye wa kuangalia kwa makini, kwa sababu huuzwa kwa kuchanganywa na kamba peremende. Wote wana mistari myekundu. Lakini ngamia ana mgongo wenye nundu, macho makubwa, na kati ya mistari yake myekundu kuna mistari na madoa meupe yanayoonekana waziwazi. Peremende hana weupe huo. Tofauti yao ni pesa yako: peremende anakula magugu, ngamia anakula matumbawe laini uliyoyanunua. Kwenye tangi la samaki tupu hana neno. Kwenye tangi la matumbawe ni mbuzi kwenye bustani ya mchicha.

KAMBA WA MADOA YA WARIDI (Hymenocera picta). Jamani huyu ni mzuri. Mweupe, madoa makubwa ya waridi na buluu, magando mapana kama feni. Mtoto akimuona mmeisha. Lakini kumbuka swali la kwanza, anakula nini? Anakula kiti cha pweza, basi. Hali chakula cha pakiti, hali mabaki. Kila wiki utahitaji kumpelekea kiti cha pweza aliye hai amtafune taratibu kuanzia miguuni. Mama usipoweza hilo, na nadhani wengi hatuwezi, unamnunua ili afe njaa mbele ya watoto. Mwacheni.

KAMBA-MANTISI. Tukubaliane kwanza kwamba huyu siyo kamba hasa, ni ukoo mwingine kabisa. Wako wanaochoma na wako wanaopiga ngumi, na ngumi yao inavunja koa na kaa. Kidole cha mtoto hakina gamba. Wengi hawaji kwa kununuliwa, huja wamejificha ndani ya mawe kutoka baharini. Ukianza kusikia milio usiku na huna kamba bastola, na samaki au koa wanapungua, usiingize mkono wala usimruhusu mtoto. Tafuta mtu anayejua amtege.

Na upande wa pili wa swali la majirani: hata kamba mpole aliwe na nani? Chewa, kikande, mkunga, wote hao wanamuona kamba kama sisi tunavyomuona. Yule mkunga anayesafishwa meno mwambani usimjaribu tangini. Humo ndani akishikwa na njaa hana kwingine pa kwenda, na kamba naye hana.

SEHEMU YA 4: DUKANI, NA SAFARI YA KUFIKA NYUMBANI

Ukishajua jina unalolitaka, nenda ukamwangalie. Usilipe kwanza. Simama dakika 10. Hii ndiyo mzunguko wa wodi.

Angalia sharubu: zinatikisika? Kamba mzima hatulii, anapapasa kila kitu. Angalia miguu: mmoja ukikosekana siyo mwisho wa dunia, huota akijivua gamba, lakini ikikosekana mitatu amesafiri vibaya. Angalia mwili: sehemu zinazoangaza ziwe safi. Nyama ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, huyo anaumwa. Angalia amesimamaje: aliyelala ubavu mwachie muuzaji.

Kisha uliza:

"Amefika lini?" Kama ni leo au jana, mwambie akuwekee wiki moja. Wa kufa kwa uchovu wa safari huwa wanakufa siku hizo.

"Nimuone anakula." Hili ndilo swali kubwa. Muuzaji mzuri atafurahi kumrushia kipande. Kamba anayekataa chakula dukani hataanza kwako.

"Maji haya yana dawa ya shaba?" Shaba hutumika kutibu samaki na kwa kamba ni sumu, hata kidogo. Na kwako pia: samaki akiugua, usimwage dawa yoyote tangini kabla hujasoma kama ina shaba. Mtibu kwenye tangi lake la pembeni. Karantini, kama tunavyofanya sisi.

"Wametoka wapi?" Hapa naomba tuongee kama watu wa pwani. Karibu kamba wasafishaji wote unaowaona madukani duniani wametolewa mwambani, kwa sababu ya vile vitoto vyao vigumu kulea. Bahari yetu hii ni miongoni mwa wanakotoka, na Kenya ni moja ya nchi zinazouza nje samaki na viumbe wa mapambo. Kwa hiyo kila anayekufa sebuleni kwa uzembe, nafasi yake inajazwa na mwingine kutoka mwambani. Na tafadhali, maji yakipwa msiwatume watoto na ndoo wakajichukulie. Kutoa kiumbe kwenye hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, au Chumbe kule Unguja, ni kosa. Kule mpeleke mtoto akawaone walipo, inatosha.

Sasa umenunua. Safari ya nyumbani: mfuko ndani ya kiboksi cha kuhifadhia baridi, giza, moja kwa moja bila kupitia sokoni.

Ukifika, usimmwage. Hapa ndipo unesi wangu ulipopata kazi. Maji ya dukani na maji yako hayalingani chumvi. Ukimhamisha ghafla, maji na chumvi za mwilini mwake zinavurugika, na anaweza kufa siku hiyo au siku mbili baadaye ukabaki kushangaa. Dawa yake ni dripu. Kweli kabisa, dripu.

Mimina kamba na maji yake kwenye chombo safi kilicho chini ya tangi. Chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, ncha moja tangini, vuta maji yaanze kushuka, kisha piga fundo mpira huo mpaka yawe matone 2 hadi 4 kwa sekunde. Acha kama saa moja, au zaidi, mpaka maji ya kwenye chombo yawe mara tatu ya yale aliyokuja nayo. Zima taa ya tangi. Kisha mchote kwa kikombe umpeleke, maji ya chombo yamwage. (Na msije kuniomba seti za dripu za wodini. Mpira wa pampu unatosha.)

Siku mbili za kwanza atajificha. Mwache.

SEHEMU YA 5: MIKONO YA WATOTO, DAWA YA MBU, NA LILE GAMBA

Hii ya mwisho isomeni hata mliosema kamba hamtaki, maana mengine yanahusu tangi lolote.

Mikono. Mwenye kidonda au mchubuko haingizi mkono tangini. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, anaishi kwenye maji ya samaki na huingilia kwenye ngozi iliyokatika. Wiki kadhaa baadaye kinatokea kiuvimbe kidoleni au mkononi kisichopona, na mtu hakumbuki tena tangi. Ukiona hivyo nenda hospitali, na umtajie daktari kwamba nyumbani mna tangi. Hiyo sentensi moja inaweza kuwaokolea miezi ya dawa zisizo sahihi. Wenye vidonda tumia glavu ndefu. Wote, kunawa kwa sabuni baada ya kutoa mkono. Kabla ya kuingiza, mkono usiwe na losheni, sabuni wala kitakasa mikono.

Mawe na matumbawe. Baadhi ya viumbe vinavyofanana na maua madogo, jamii ya Palythoa na Zoanthus, vina sumu kali iitwayo palitoksini. Usichemshe mawe ya tangi, usiyamwagie maji ya moto, usiyasugue kwa nguvu ndani ya nyumba. Mvuke wake unaweza kulaza familia nzima. Mwaka 2018 huko Uingereza ilitokea hivyo hivyo baada ya mwenye nyumba kusafisha matumbawe ya tangi lake. Mtu akisafisha kisha akapata homa, kikohozi, kifua kubana au macho kuuma, toeni watu wote nje na muende hospitali.

Mzio. Mtoto anayevimba au kuwashwa akila kamba asishike chakula cha tangi, maana vyakula vingi vya samaki hutengenezwa kwa kamba wadogo.

Ndoo. Siku ya kubadilisha maji, ndoo haiachwi sakafuni na mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea. Maji ya kufika kifundo cha mkono yanatosha kumzamisha. Simu ikiita, iite.

Umeme na uzito. Lita 100 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 100, bado mawe na kioo. Meza ya runinga haiwezi. Kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likiteleza lidondoke chini badala ya kuingia kwenye soketi. Na umeme ukikatika, kamba wanaanza kukosa hewa. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla hujanunua kamba.

Dawa ya mbu. Hili wengi hawalijui. Dawa nyingi za kupuliza mbu na mende zina sumu ya jamii ya pirethroidi. Kamba na mdudu ni watu wa ukoo mmoja, kinachomuua mende kinamuua kamba, tena kwa kiasi kidogo sana. Usipulize chumba chenye tangi. Ukitundika chandarua kipya chenye dawa, nawa kabla ya kugusa maji. Lakini nisikieni vizuri: chandarua hakiondoki. Kama nyumba yako haiwezi kukwepa mbu bila kupuliza sebuleni, basi nyumba yako siyo ya kamba kwa sasa, na hakuna aibu. Malaria ya mtoto haishindani na pambo.

Chakula. Kamba hatosheki na mabaki tu. Mara chache kwa wiki mpe kipande kidogo cha chakula kilichogandishwa, kiyeyushwe kwanza. Hii kazi mpe mtoto kwa kibanio kirefu. Msafishaji atakuja kupokea mwenyewe, na kwa mtoto wa miaka 5 hiyo ni zaidi ya katuni.

Na mwisho lile gamba. Kuna siku mtoto atakuja anakimbia: "Mama, kamba amekufa!" Utakuta kweli, kamba mzima amelala mchangani, sharubu, miguu na macho, vyote vipo, hatikisiki. Mwanangu wa kati alilia mpaka akapata kwikwi. Nikamwambia tulitoe tulione. Tukalishika: jepesi, tupu ndani, linapitisha mwanga. Ni nguo aliyoivua. Kamba akikua gamba haliongezeki, kwa hiyo hulivua lote na kubaki laini, na kwa siku moja au mbili hujificha kwa sababu kila mtu anaweza kumuumiza. Mwanangu akauliza, "Sasa yuko wapi?" Nikamwambia hatumtafuti, hatuinui mawe, tunamsubiri mpaka awe mgumu tena. Siku hizo mbili alikuwa anapita mbele ya tangi kwa vidole, na mdogo wake akipiga kelele anamnyamazisha.

Mimi sikumfundisha hilo la vidole. Kumsubiri mwingine awe na nguvu ni kitu ambacho hata wakubwa hatukijui sana.

Kwa hiyo mama, ukiniuliza tena ni kamba yupi, jibu langu fupi: Lysmata amboinensis, mmoja au wawili, tangi lililokomaa, hakuna chewa wala kikande, hakuna dawa ya shaba, hakuna kupuliza mbu. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, subiri. Duka halihami.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: homa ya mtoto usiku, lini unasubiri asubuhi na lini unaondoka saa ile ile. Mwenye swali la kamba aliache hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Na umtumie mama mwenzio ambaye mtoto wake ameshaanza kuomba.